Kuruta Asiyesikia Amri

Mwanajeshi hufundishwa kuzoea mambo mengi. Huzoea njaa, usingizi wa vipande vipande, buti lililolowa maji, na amri itolewayo usiku wa manane. Lakini katika muda wote niliokaa shule ya makadeti, hakuna mkufunzi aliyenifundisha la kufanya pindi mtu asiyefika hata kiunoni mwangu anaponitazama usoni, anapopiga ukelele wa hofu, na kukimbilia nyuma ya leso ya mama yake.

Hivyo ndivyo nilivyopokewa nyumbani kwangu mwezi wa Novemba 2024, nilipotoka Somalia. Majeshi ya Uganda yaliingia nchini humo chini ya bendera ya Umoja wa Afrika mwezi wa Machi 2007, na zamu yangu mimi ilianza Oktoba 2023. Siku niliyoondoka, mwanangu alikuwa na miezi 7, hajui hata kusimama. Siku niliyorudi alikuwa na miezi 20; anakimbia, anapanda juu ya viti, na anatamka maneno kadhaa ambayo mfasiri wake alikuwa mama yake peke yake.

Mama yake alimwinua, akamwuliza kwa upole, "Baba yuko wapi?" Nami nimesimama mbele yake, begi langu lingali begani. Mtoto akaupita uso wangu kwa macho, akanyosha kidole, akaielekeza simu iliyokuwa mezani.

Sikucheka. Kwa mtoto yule, baba alikuwa kitu kikaacho ndani ya simu. Kitu kinachoongea jioni mtandao ukikubali, kisha kikakatika katikati ya neno. Mtu mrefu aliyeujaza mlango, mwenye harufu ya safari, hakuwa baba. Alikuwa mgeni.

Ndugu msomaji uliye lindoni, kambini au kituoni, nakuandikia haya kwa kuwa najua hayakunipata mimi peke yangu. Kazi yetu hutuondoa nyumbani kwa miezi mingi, na aghalabu miezi hiyo huangukia katika miaka ile ya mtoto ambayo hairudi tena. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika ibara ya 34, inampa mtoto haki ya kuwajua wazazi wake na kutunzwa nao. Wengi wetu huliona neno la pili, kutunzwa, tukapeleka mshahara nyumbani na kujiona tumetimiza wajibu. Lakini neno lililotangulia ni kuwajua. Mshahara, hata ukifika kwa wakati, haumjulishi mtoto uso wa baba yake.

Cheo hakifiki jikoni

Katika majuma ya kwanza nilifanya kosa ambalo afisa yeyote kijana angelifanya. Niliitazama nyumba yangu kama kikosi kilicholegea nidhamu, nikakusudia kuirudisha nidhamu hiyo kwa muda wa siku tatu. Nilipanga saa ya kuamka, saa ya kula, saa ya kulala, na mahali pa kila kitu. Siku ya kwanza, kabla ya kutimia saa mbili asubuhi, bereti yangu ilikuwa ndani ya ndoo ya maji, rangi ya viatu imepakwa kwenye shuka, na uji umefika ukutani kwa urefu ambao hata leo sielewi uliufikia vipi. Ufunguo wa sanduku langu haukuonekana mpaka Jumapili, ulipopatikana ndani ya gunia la makaa.

Nikamwita kwa sauti ya uwanja wa gwaride. Sauti hiyo imewahi kuwasimamisha vijana wengi wenye nguvu. Huyu haikumsimamisha. Alishtuka, midomo ikamtetemeka, akatambaa hadi chini ya kitanda na kukaa humo mpaka chai ikapoa. Nikapiga magoti, nikaamuru, nikabembeleza, nikaahidi biskuti. Yeye alinitazama tu kutoka gizani, kama mlinzi amtazamavyo adui.

"Afande," mke wangu aliniambia, naye huniita hivyo anapotaka nisikie vizuri, "hapa si uwanja wa gwaride. Mtoto huyu hakijui cheo chako, wala hajakujua wewe mwenyewe. Akujue kwanza, ndipo umwamrishe."

Nilinyamaza, maana alisema kweli. Kuruta wa jeshini hutii kwa sababu alikubali kuandikishwa, na kwa sababu amekwisha kumjua mkufunzi wake. Kuruta wangu mimi hakuandikishwa na mtu. Yeye ndiye aliyeikuta kambi, akaiona ni yake.

Kazi ya mtoto

Jambo tunalodhani kuwa ni ukaidi, mara nyingi huwa ni kazi. Katika miaka ya mwanzo ubongo wa mtoto hukua kwa kasi isiyoonekana tena maishani. Afikapo miaka 2, uzito wake umekwisha kukaribia robo tatu ya uzito wa ubongo wa mtu mzima. Hata hivyo, sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayomwezesha mtu kuizuia hasira na kungoja zamu yake, ndiyo inayochelewa mno kukomaa. Huendelea kukomaa hata baada ya mtu kupita miaka 20. Basi tunapomwambia mtoto wa miaka 2 "Tulia!" huku akigaagaa chini kwa ghadhabu, tunamdai kitu ambacho hajapewa bado. Askari halaumiwi kwa kutofyatua risasi asizogawiwa.

Hali kadhalika katika usemi. Watoto wengi hufikia miaka 2 wakiwa na maneno yapata 50, nao huanza kuyaunganisha mawili mawili. Hebu fikiri juu ya mtu mwenye haja nyingi kama nyota, naye ana maneno 50 tu ya kuzielezea. Ni ajabu gani akilia?

Kambini mwetu jambo hili lina ladha yake. Mama yake humsemesha Kiacholi, jirani wa kulia Kiganda, jirani wa kushoto Kilugbara, na watoto wote wakikutana mchangani huongea Kiswahili, ambacho Katiba ilikifanya lugha rasmi ya pili mwaka 2005. Mwanangu aliokota neno hapa na neno pale, kama askari akusanyaye vifaa vyake. Maji aliyaita "pii", kama wajomba zake. Maziwa aliyaita "mata", kama mama wa jirani. Na neno lake kamili la kwanza la Kiswahili likawa "Sitaki". La pili likawa "Yangu". Kwa maneno hayo mawili alitawala nyumba nzima kwa miezi kadhaa. Mtu asikudanganye kwamba lugha nyingi humharibu mtoto usemi. Taratibu huzitenga mwenyewe, akajua lipi la kumwambia nani.

Siku moja niliamua kumchunguza badala ya kumwamuru. Kutoka mlangoni petu hadi bombani ni hatua zisizozidi 100. Nikamwacha atangulie, nami nikafuata nyuma kama mlinzi wake. Safari ile ilituchukua dakika 40. Alichuchumaa mbele ya msafara wa sisimizi, akautazama mpaka wa mwisho alipopita. Aliokota gunzi la mahindi, akalitupa, akalirudia. Alimwamkia kuku. Aliingia katika dimbwi kwa mguu mmoja, akatoka, akaingia tena kwa mguu wa pili, kana kwamba ataka kuthibitisha kuwa maji ni yale yale. Askari wa upelelezi asingeifanya kazi ile kwa uangalifu zaidi. Hapo nikatambua kwamba kile nilichokiita vurugu, kwake yeye kilikuwa uchunguzi wa nchi mpya, na kwamba mimi nami nilikuwa sehemu ya nchi hiyo, sehemu ambayo alikuwa hajaikagua bado.

Siku ya tisa

Nikabadili mbinu. Sikumkimbilia tena, wala sikumnyakua mbele ya wageni ili waone kwamba ninampenda. Kila jioni nilipotoka kazini nilivua buti, nikakaa sakafuni nikiegemea ukuta, nikawa na kopo tupu la maziwa na magunzi machache. Nikayatia koponi moja moja, nikayamwaga, nikaanza upya. Siku ya kwanza alitazama kutoka mlangoni. Siku ya nne alikuwa umbali wa hatua mbili. Siku ya tisa alinijia, akaweka gunzi lake mwenyewe kiganjani mwangu, akanifumba vidole kimoja kimoja, kisha akaenda zake bila neno.

Baada ya hapo nilipandishwa cheo, nikaruhusiwa kumwogesha. Ndugu zangu, kumwogesha mtoto wa kiume wa umri ule ni sawa na kukamata kambare kwa mikono. Sabuni humpa mbawa. Nusu ya maji humpata yeye, nusu hukupata wewe, na inayobaki humpata mpita njia. Nikaruhusiwa pia kumlisha. Matoke aliyala vizuri, maharagwe aliyahesabu kwanza kwa kidole, na mukene alimpelekea kuku rafiki yake, mmoja baada ya mwingine, mpaka kuku akawa haondoki tena mlangoni petu. Tulipomnunulia poti ili ajifunze kujisaidia, aliivaa kichwani kama kofia ya chuma, akazunguka nayo kambi nzima. Majirani walimpigia saluti, naye akajibu kwa mkono wa kushoto.

Yapata majuma matatu tangu kurudi kwangu, alilala kifuani pangu kwa mara ya kwanza, amenishika sikio. Sikuthubutu kusogea kwa muda wa saa moja na nusu, ingawa mguu ulikuwa umekufa ganzi. Nimewahi kukaa malindo marefu kuliko hilo. Sikumbuki lindo nililolipenda zaidi.

Dakika moja

Sasa nitasimulia jambo ambalo nisingependa kulisimulia, lakini ndilo lenye faida kubwa kwa msomaji.

Mwezi wa Februari 2025 mama yake alikwenda sokoni, akaniachia zamu. Sigiri ilikuwa uani, na birika la maji limechemka juu yake. Mimi nimeketi hatua tatu kutoka hapo. Simu ikalia, nikageuza shingo nisome ujumbe. Sidhani kama ilipita dakika moja. Nikasikia kishindo cha birika. Lilikuwa limeanguka, mvuke umetanda, na mwanangu amesimama katikati ya mvuke huo, kinywa wazi, sauti haijatoka. Sauti hiyo ilipotoka, niliisikia mifupani.

Mungu alitunusuru. Maji mengi yalimwagikia upande wa pili, yaliyobaki yakampata mguu wa kushoto chini ya kifundo. Nikambeba mbio hadi bombani. Jirani mmoja akaja na dawa ya meno, akitaka kumpaka. Mama mmoja mtu mzima, mke wa sajini, akamzuia mkono. "Maji tu, mwanangu," aliniambia, "maji yanayotiririka. Usimtoe haraka." Tukakaa pale dakika 20, mimi nimelowa mwili mzima, yeye akilia shingoni mwangu. Zahanati wakatuambia kwamba mama yule alitenda ipasavyo. Mtu aliyeungua hupozwa kwa maji safi yatiririkayo kwa dakika 20, jeraha hufunikwa kwa kitambaa safi, kisha hupelekwa kwa mganga. Wala halipakwi dawa ya meno, siagi wala majivu.

Mama yake aliporudi hakunigombeza. Aliuliza tu, "Ulikuwa wapi?"

Nilikuwa pale pale. Hilo ndilo lililoniuma. Nilisafiri kutoka Somalia ili mtoto asinitafute tena ndani ya simu, kisha mwenyewe nikarudi ndani ya simu, naye yuko hatua tatu kutoka kwangu. Mlinzi asinziaye lindoni hushitakiwa. Baba amlindaye mtoto huku macho yako kwenye simu naye amesinzia, ingawa macho yenyewe ni wazi. Kovu limebaki mguuni, na kila nimwogeshapo huliona.

Tangu siku hiyo niliikagua nyumba yangu kama inavyokaguliwa kambi, tena nikiwa nimepiga magoti, maana adui wa mtoto huonekana kutoka kimo cha mtoto. Nakuomba nawe ufanye hivyo.

La kwanza ni silaha. Mahali pa silaha ni ghalani. Askari ambaye kwa wajibu wake hana budi kuwa nayo, asiiache kitandani wala nyuma ya mlango, hata kwa muda wa kunawa uso. Vidole vya mtoto wa miaka 3 vina nguvu ya kutosha kuvuta kifyatulio.

La pili ni maji. Mtoto mdogo huweza kuzama ndani ya ndoo yenye maji ya kina kifupi tu, kwa kuwa kichwa chake ni kizito na akiinamia humo hawezi kujiinua. Ndoo ifunikwe au imwagwe.

La tatu ni mafuta ya taa, ambayo wengi wetu huyatia katika chupa ya soda. Mtoto huijua chupa ya soda, hajui kilichomo. Akiyanywa, asilazimishwe kutapika, kwa maana yatampalia na kuingia mapafuni; akimbizwe hospitali.

La nne ni vitu vidogo. Njugu na punje ngumu za mahindi humkaba mtoto asiyeweza kutafuna vizuri. Njugu zisagwe kwanza. Betri ndogo za duara, zile za saa na vitu vya kuchezea, zikimezwa huunguza koo katika muda wa saa mbili tu.

Najua kuwa wenzetu wengi, hasa wa polisi, wamelea watoto katika vile vibanda vya bati vya mviringo tunavyoviita "mama ingia pole", ambamo kitanda, chungu na mtoto vyote hukaa chumba kimoja. Humo nafasi ya kuweka vitu mbali haipo. Lakini nafasi ya kuviweka juu ipo, na msumari mmoja uliopigiliwa juu unaweza kuokoa roho.

Wembe na fimbo

Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe. Mwanangu aliulilia wembe hasa, asubuhi moja nilipokuwa nikinyoa ndevu, akaulilia kwa nusu saa nzima. Sikumpa. Nilimpa brashi ya sabuni, akaunyoa mlango, akakinyoa kiti, akamaliza kwa magoti yangu. Nadhani wahenga walisema na mtu mzima aliyeonywa asisikie. Hawakuwa wakisema na mtu wa miaka 2.

Je, na fimbo? Wapo wenzangu wasemao kwamba mtoto wa kiume asiponyoshwa mapema atapinda. Nami naamini kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Lakini kukunja si kuvunja. Sheria ya nchi yetu, katika marekebisho ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2016, ilikwisha kukataza fimbo shuleni, na sababu zake zinaingia nyumbani vile vile. Mtoto wa miaka 2 apigwaye kwa kumwaga uji haoni uhusiano wa fimbo na uji. Anaona uhusiano wa fimbo na baba. Baba ambaye amekuwa akisafiri, akawa ndiyo kwanza anajulikana, hana akiba ya kutosha ya kutumia kwa namna hiyo.

Nilichokiona kikifaa ni kile kile kinachofaa kikosini. Amri ziwe chache, ziwe fupi, na ziwe zile zile kila siku. Zitolewe kwa karibu, umechuchumaa, macho kwa macho, wala si kwa kupiga kelele kutoka chumba cha pili. Kisichokubaliwa leo kisikubaliwe kesho kwa sababu tu umechoka. Mpe nafasi ya kuchagua kati ya mambo mawili ambayo yote wayaridhia: "Utavaa shati jekundu au la kijani?" Mtu aliyechagua mwenyewe huvaa upesi kuliko aliyeamriwa. Na ghadhabu ikimshika, kaa karibu naye, mzuie asijiumize, usihutubu. Ikipita, mkumbatie. Hapo ndipo maneno huingia.

Ratiba nayo ni rafiki wa mtoto kama ilivyo rafiki wa askari. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba mtoto wa mwaka 1 hadi 2 ahitaji kulala saa 11 hadi 14 kwa siku, usingizi wa mchana ukiwamo, na ya kuwa apate muda usiopungua saa 3 za kukimbia, kupanda na kucheza. Juu ya televisheni na simu, lilisema mtoto wa mwaka 1 asikalishwe mbele yake kabisa, na wa miaka 2 asizidishe saa 1. Mara nyingi vurugu ya jioni tunayoilalamikia ni usingizi wa mchana uliokosekana. Mtoto aliyechoka hasemi kwamba amechoka; hurusha sahani.

Kadi ya kliniki

Wako mababa waijuao namba ya bunduki yao kwa moyo, lakini hawajapata kuifungua kadi ya chanjo ya mtoto wao. Nilikuwa mmoja wao. Ifungue. Tangu mwaka 2022, mtoto wa Uganda hupewa kipimo cha pili cha chanjo ya surua na rubela afikapo miezi 18, na wengi hukikosa kwa kuwa wazazi hudhani mambo ya kliniki yalimalizika kwenye miezi 9. Chanjo ya malaria ilianza kutolewa nchini Aprili 2025 katika wilaya zenye ugonjwa huo kwa wingi, kwa watoto wafikao miezi 6, 7, 8 na 18. Mwanangu alikuwa amepita umri huo. Wako huenda hajapita. Aidha, vitamini A hutolewa kila baada ya miezi 6 mpaka mtoto akaribie miaka 5, pamoja na dawa ya minyoo kuanzia mwaka 1. Miezi ya Aprili na Oktoba ndiyo iliyotengwa kwa kampeni hiyo. Baba aliye likizo na amchukue mtoto mwenyewe. Foleni ya kliniki ni mahali pazuri pa kujuana.

Kwa aliye mbali

Mwenzangu ambaye sasa uko mbali na nyumba yako, usikate tamaa. Piga simu, lakini ifanye simu iwe fupi na ya saa ile ile, maana mtoto haongei kwa dakika 20. Mwimbie kitu kimoja, au mtajie majina ya kuku, kisha mwache aende zake. Mwombe mama yake amwonyeshe picha yako kila usiku kabla ya kulala. Na siku ya kurudi, ingia taratibu. Vua buti, keti chini, ungoja. Asipokujia siku ya kwanza, hakukutukana. Anafanya kile ambacho sisi wenyewe tungemfundisha afanye mbele ya mtu asiyemjua.

Tena tusimsahau mama. Katika miezi yote ile 13 yeye alikuwa lindoni usiku na mchana, pasipo mtu wa kumpokea zamu. Zawadi aliyoifurahia kuliko zote nilizomletea haikuwa kitenge. Ilikuwa asubuhi moja ya Jumamosi niliyomchukua mtoto mpaka saa sita, naye akalala.

Mwezi wa Septemba 2025, mwanangu alipotimiza miaka 2 na nusu, niliitwa kozi ya majuma 6. Asubuhi ya kuondoka nilipata buti moja tu. La pili alikuwa amelificha, nalo lilikuwa mahali pake pa siri, ndani ya gunia la makaa. Nikalivaa likiwa jeusi kuliko rangi yoyote ya viatu iwezavyo kulifanya, nikaenda.

Niliporudi, alikuwa mlangoni na gunzi mkononi. Mama yake alikumbuka ile siku ya Novemba, akamwuliza tena, "Baba yuko wapi?" Mtoto akamtazama kama mtu aliyeulizwa swali la kijinga, kisha akanigusa goti.

"Si huyu hapa," akasema. Halafu akanigeukia mimi. "Umeleta nini?"

Nchi hulindwa na watu, na watu hao huanza wakiwa wafupi kuliko bunduki. Tuilinde mipaka kama tulivyoapa. Lakini tukipata ruhusa, hata ya siku mbili, twende nyumbani, tuzime simu, na tukae sakafuni.